Kuomba na kutumiwa makala za kitabibu kwa njia ya kielektroniki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa madaktari, wauguzi, wafamasia, walimu na wanafunzi wa vyuo vya afya, pamoja na wakutubi wenzetu wanaohudumia hospitali na vyuo. Maswali ni yale yanayotufikia dirishani na kwenye barua pepe karibu kila wiki.

Huduma hii ni ya nini hasa?

Ni ya pale unapohitaji makala ya jarida ambalo maktaba yako haina, au inalo rafuni na wewe uko wilayani, mbali. Unaandika ombi, maktaba inatafuta nakala halali, kisha inakutumia faili la PDF. Hurudishi chochote, kwa kuwa ulichopata ni nakala.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa posta, halafu kwa faksi. Faksi iliharibu picha: eksirei ya kifua ilifika ikiwa doa jeusi. Mwaka 1991 muungano wa maktaba za utafiti za Marekani ulitoa programu iitwayo Ariel, iliyotuma kurasa zilizoskaniwa kutoka kompyuta ya maktaba moja hadi ya maktaba nyingine. Ilitaka anwani ya mtandao isiyobadilika, na milango ya mawasiliano ya kompyuta (port) namba 419 na 422 iachwe wazi. Mafundi wa mtandao walipoifunga milango hiyo kwa ajili ya usalama, makala zilikwama. Siku hizi njia kuu ni barua pepe yenye kiungo cha kupakulia, lakini kinga za mtandao wa hospitali bado ni sababu kubwa ya makala kutofika.

Nimeiona makala kwenye PubMed. Mbona haifunguki?

PubMed ni orodha, si ghala. Inakuonyesha kichwa cha makala, waandishi, jarida, na mara nyingi ikisiri. Makala yenyewe iko kwa mchapishaji, au iko PubMed Central, ambayo ndiyo ghala la makala kamili lililoanzishwa mwaka 2000 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Majina yanafanana, ndiyo maana watu huyachanganya.

Njia rahisi ya kutofautisha: namba ya PubMed, yaani PMID, ni tarakimu tupu. Namba ya PubMed Central huanza na herufi PMC. Ukiona namba inayoanza na PMC chini ya rejea, usituandikie ombi. Bofya, makala iko wazi.

Makala za utafiti uliofadhiliwa na taasisi za afya za serikali ya Marekani zilikuwa zinaweza kuzuiliwa hadi miezi 12 kabla ya kufunguliwa hapo. Kwa miswada iliyokubaliwa kuchapishwa kuanzia tarehe 1 Julai 2025, kungoja huko kumeondolewa. Kwa hiyo makala mpya ya utafiti wa aina hiyo ina nafasi nzuri ya kuwa wazi siku inapotoka. Itafute kwanza.

Niandike nini kwenye ombi?

Hapa ndipo muda mwingi unapotea. Ombi linalochelewa siku tatu, mara nyingi siku mbili kati ya hizo zimekwisha kwa kuulizana ni makala ipi.

Ukiwa na PMID au DOI, yaani namba ya kudumu ya makala mtandaoni, andika hiyo na imetosha. DOI huanza na 10 na nukta, na ndani yake kuna mkwaju (/). Inakili na kuibandika, usiichape kwa mkono, maana herufi moja ikikosewa inakupeleka kwenye makala nyingine au inagoma kabisa. Angalia pia usibebe nukta ya mwisho wa sentensi.

Usipokuwa nazo, tunahitaji: jina kamili la jarida, mwaka, juzuu, toleo, ukurasa wa kwanza na wa mwisho, jina la ukoo la mwandishi wa kwanza, na kichwa cha makala. Vifupisho vya majarida vinaponza. "Trop Med" peke yake inaweza kuwa majarida kadhaa. Kuna jarida la Marekani la tiba na usafi wa nchi za joto, na lipo la Uingereza lenye maneno karibu yaleyale. Andika ISSN, yaani namba ya utambulisho wa jarida, kama unayo. Ina tarakimu nane, ya mwisho wakati mwingine ni X.

Majarida pia hubadili majina. *Tanzania Journal of Health Research* iliitwa *Tanzania Health Research Bulletin*. Jarida linaloitwa leo *JAMA Pediatrics* lilipata jina hilo mwaka 2013. Kabla ya hapo lilikuwa *Archives of Pediatrics & Adolescent Medicine*, na kabla ya 1994 lilikuwa *American Journal of Diseases of Children*. Ukiandika jina la sasa kwa makala ya 1987, anayetafuta kwa haraka atakujibu kwamba jarida halina mwaka huo, na atakuwa hajakosea.

Kurasa zenye herufi S, kwa mfano S12 hadi S19, maana yake makala iko kwenye nyongeza ya toleo. Usiiache S. Nyongeza hufungwa mbali, na mara nyingine maktaba yenye jarida haina nyongeza yake. Namba ndefu inayoanza na e si ukurasa, ni namba ya makala iliyochapishwa mtandaoni tu.

Rejea niliyonayo ni ya zamani na namba zake sizielewi.

Tuchukue mfano halisi. Jaribio maarufu la aspirini na streptokinesi kwa wagonjwa wa shambulio la moyo huandikwa hivi: *Lancet 1988;2:349-60*. Wengi husoma hiyo 2 kuwa ni toleo la pili la mwaka, yaani la Januari, wakaenda kutafuta huko. Sivyo. Kabla ya 1990 *Lancet* ilikuwa na juzuu mbili kwa mwaka, 1 ya nusu ya kwanza na 2 ya nusu ya pili. Makala hiyo ni ya Agosti, na namba ya toleo lake ni 8607.

Angalia na kurasa: 349-60 maana yake ni 349 hadi 360. Ni kurasa 12, si 11, kwa sababu ukurasa wa kwanza nao unahesabiwa. Ukipokea faili lenye kurasa 11, kuna ukurasa umerukwa, na kwa kawaida ni wa jedwali.

Mmeniambia makala niliyoomba haipo. Inawezekanaje, na nimeiona imenukuliwa?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ya siku zote: aliyenukuu alikosea mwaka au ukurasa, na wengine wakamnakili yeye bila kufungua makala. Tafuta kwa kichwa chenyewe, ukikiweka ndani ya alama za kunukuu.

Ya pili imeongezeka sana: rejea imetungwa na programu ya akili bandia. Inaonekana safi kabisa. Jarida lipo, waandishi wapo, mwaka unaelekea, ila makala haikuwahi kuandikwa. Pima hivi: weka DOI kwenye doi.org. Ikikupeleka kwenye makala yenye kichwa kingine, au ikikataa, fungua juzuu husika kwenye tovuti ya jarida na uone ukurasa huo una nini. Kama hapo kuna makala ya watu wengine kabisa, rejea hiyo ni ya kubuni. Iondoe kwenye tasnifu yako kabla msimamizi hajaiuliza.

Je, lazima nilipie?

Mara nyingi hapana, kama hatua zitafuatwa kwa mpangilio. Sisi huanza na PubMed Central na tovuti ya jarida. Kisha hifadhi za vyuo, na kwa majarida ya Afrika tunapita African Journals Online na African Index Medicus. Halafu majarida tunayoyapata kwa usajili au kwa Hinari, mpango tunaoueleza kwenye swali linalofuata. Halafu rafu zetu, maana matoleo ya zamani hayapo mtandaoni kila mara. Baada ya hapo tunamwandikia mwandishi, na mwisho kabisa tunaagiza kwa maktaba nyingine au tunanunua.

Kumwandikia mwandishi watu hawakuamini, na kunafanya kazi. Anwani ya mwandishi wa mawasiliano mara nyingi iko karibu na ikisiri. Sentensi nne zinatosha: wewe nani na uko hospitali gani, unataka makala ipi (weka DOI), ya kazi gani, na ahsante. Usimwombe data zake za utafiti kwenye barua hiyohiyo. Anachotuma wakati mwingine ni muswada uliokubaliwa, kabla haujapangwa na mchapishaji. Maudhui ni yaleyale kwa sehemu kubwa, ila namba za kurasa hazitalingana, na majedwali huwekwa mwishoni. Kwa kunukuu, tumia taarifa za toleo lililochapishwa.

Hinari ni nini, na mbona kwangu inadai malipo?

Hinari ilianzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya tiba bure au kwa gharama ndogo. Leo iko ndani ya Research4Life, muungano wa mipango ya aina hiyo. Nchi zimegawanywa katika makundi mawili, A isiyolipa na B inayochangia. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziko kundi A.

Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu. Chuo, hospitali, shule ya uuguzi, kituo cha utafiti au ofisi ya serikali inaweza kujisajili. Muulize mkutubi wako jina la mtumiaji na nenosiri.

Kosa kubwa ni moja: mtu anatafuta makala kwa Google, anafika moja kwa moja kwenye tovuti ya mchapishaji, anaonyeshwa bei, anakata tamaa. Mchapishaji hajui kwamba wewe ni wa Hinari. Ingia kwanza kwenye lango la Research4Life, weka nenosiri, kisha fika kwenye jarida kupitia hapo. Baada ya kuingia, anwani iliyo juu ya kivinjari hubadilika kidogo. Ukiona haikubadilika, hujapita langoni.

Nenosiri hilo lisibandikwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa lililohitimu. Upakuaji wa mamia ya makala kwa mkupuo, hasa kwa programu, unaonekana upande wa pili, na anayefungiwa ni taasisi nzima.

Inachukua muda gani?

Makala iliyo wazi au tunayoipata kwa usajili: dakika chache tangu mkutubi alione ombi. Iliyo rafuni kwetu: siku hiyohiyo, umeme ukiwepo. Ya maktaba ya nje: hesabu siku za kazi, na kumbuka saa. Ukituma ombi Dar es Salaam au Nairobi saa tatu asubuhi, mashariki mwa Marekani ni saa saba au saa nane usiku, kutegemea msimu wao. Watakapofungua ofisi saa mbili asubuhi yao, kwako ni saa tisa alasiri au saa kumi. Kwa hiyo ombi la Ijumaa jioni lenye kosa dogo linaweza kurudi kwako Jumatatu likiwa na swali tu.

Huko Marekani maktaba za tiba hupitisha maombi kwa mfumo wa DOCLINE, wa Maktaba ya Taifa ya Tiba iliyoko Bethesda, Maryland, unaofanya kazi tangu 1985. Mfumo unajua ni maktaba ipi ina jarida lipi na mwaka upi, na ombi lisipotimizwa na ya kwanza linasogea kwa inayofuata. Uzuri wake ndio huo, lakini nao unategemea usahihi wa rejea.

Mgonjwa yuko wodini sasa hivi. Nifanyeje?

Piga simu maktaba, usiandike tu. Sema "ni ya huduma ya mgonjwa, inahitajika kabla ya saa fulani". Taja swali lako la kitabibu pia, kwa mfano kipimo cha dawa fulani kwa mtoto mwenye figo mbovu. Huenda makala uliyoitaja haipatikani leo, lakini ipo nyingine, mpya zaidi na iliyo wazi, inayojibu swali hilohilo.

Usitaje jina la mgonjwa wala namba ya faili lake. Ombi hupita kwenye mikono na seva nyingi, na maktaba haihitaji kujua anaumwa nani.

Neno "haraka" litumike kwa dharura tu. Likiwa kwenye kila ombi, yule mwenye mgonjwa kweli anapanga foleni nyuma ya kazi ya darasani.

Kwa wakutubi: tuskani vipi ili nakala iwe ya kuaminika?

Nukta 300 kwa inchi zinatosha maandishi ya kawaida. Maandishi madogo ya majedwali na maelezo ya chini ya ukurasa yanataka 400. Kwa 300, ukurasa wa A4 una nukta 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7. Kwa nyeusi na nyeupe tupu hiyo ni kama megabaiti 1 kabla ya kubanwa, kwa rangi za kijivu kama 8.7, kwa rangi kamili kama 26. Ukipandisha hadi 600, faili linakua mara nne, si mara mbili.

Maandishi matupu, tumia nyeusi na nyeupe. Ukurasa wenye eksirei, ultrasaundi au mchoro wenye vivuli, tumia kijivu. Picha ya tishu chini ya hadubini au ya upele, tumia rangi, kwani bila rangi haina maana. Si lazima faili zima liwe la aina moja. Skani kurasa mbili za picha kwa rangi na nyingine kwa nyeusi na nyeupe, halafu unganisha.

Majarida yaliyofungwa jalada gumu hutoa kivuli katikati na kumeza herufi za pembeni. Usilikandamize kwa nguvu likavunjika mgongo. Liweke ukurasa mmoja mmoja kwenye ukingo wa skana, upande mwingine uning'inie.

Kisha fungua faili uliloskani na ulisome, usiishie kuona kwamba limehifadhiwa. Hesabu kurasa. Tazama majedwali ya dozi kwa ukubwa wa asilimia 200. Nukta ya desimali ndicho kitu cha kwanza kupotea: 0.5 ikigeuka 05, daktari atasoma 5, na hiyo ni dozi mara kumi. Ukiwasha utambuzi wa herufi ili maandishi yatafutike, kumbuka utambuzi huo hukosea kwenye alama: µ inaweza kuwa u au p, ± ikawa +, ≤ ikabaki <. Acha picha ya ukurasa ionekane juu, maandishi yaliyotambuliwa yawe chini yake, na usitume maandishi peke yake kamwe.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2013 ilithibitishwa hadharani kwamba baadhi ya mashine za ofisini zilikuwa zikibadilisha tarakimu, 6 ikawa 8, na ukurasa ukabaki msafi bila doa. Sababu ilikuwa ubanaji wa JBIG2 unaolinganisha herufi zinazofanana na kutumia umbo moja kwa zote. Kwenye mashine yako zima ubanaji wa namna hiyo kwa kazi ya kitabibu, na usichague "faili dogo kabisa".

Jina la faili liwe na namba ya ombi, jina la ukoo la mwandishi na mwaka. Faili linaloitwa "scan0003" litatumwa kwa mtu asiye wake.

Mmesema mmetuma, mimi sijapata.

Angalia kwanza kwenye barua taka. Halafu angalia kama sanduku limejaa. Huduma nyingi za barua pepe hukomea megabaiti 25 kwa ujumbe, na kwa kuwa kiambatisho huongezeka kama theluthi moja kikisafiri, faili lenyewe lisizidi 18 hivi. Likizidi, tunatuma kiungo. Viungo vina tarehe ya mwisho, kwa hiyo pakua siku unayokipata na uhifadhi. Kiungo kikikataa kwenye kompyuta ya hospitali, jaribu kwa simu yenye bando. Kikifunguka, tatizo ni kinga ya mtandao wa hospitali, na fundi wa TEHAMA ndiye wa kuambiwa.

Mwenzako akikutumia kurasa kwa WhatsApp, mwambie azitume kama hati, si kama picha. Picha hubanwa njiani, na jedwali linakuwa ukungu.

Sheria ya hakimiliki inaruhusu nini?

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Zanzibar ina sheria yake ya 2003, Kenya ina ya 2001. Kwa kazi yetu, tunachoshikilia ni hiki: nakala moja, ya makala moja, kwa mtu mmoja, kwa kusoma au utafiti wake binafsi, bila biashara.

Ukiagiza kutoka maktaba ya Marekani utakutana na herufi CCG au CCL. Zinahusu sheria yao. CCG inarejelea mwongozo wa 1978, unaoiruhusu maktaba iombayo kupata kwa mwaka nakala tano kutoka jarida moja, kwa makala zilizochapishwa ndani ya miaka mitano iliyopita. CCL inatumika kwa makala za zamani zaidi na hali nyingine zinazoruhusiwa na sheria.

Kwa majarida ya mtandaoni, leseni ndiyo yenye neno la mwisho. Nyingine zinakataza kutuma faili la mchapishaji kwa maktaba ya nje lakini zinaruhusu kuchapa kwenye karatasi, kuskani na kutuma. Ni kazi ya ziada, ila ndiyo mkataba uliosainiwa. Isome leseni kabla ya kutuma.

Naweza kuwagawia wenzangu nakala niliyopewa?

Watumie kiungo au DOI, kila mmoja aombe yake. Makala yenye leseni huria ya Creative Commons ni tofauti. Hiyo unaweza kuigawa, mradi umtaje mwandishi.

Mnaweza kunitumia kitabu kizima, au toleo zima?

Hapana. Sura moja kwa kawaida, ndiyo.

Nina PDF ya zamani kwenye kompyuta yangu. Bado ni salama kuitegemea?

Irudie PubMed kabla ya kuitumia kwa mgonjwa. Makala kuhusu hidroksiklorokwini kwa wagonjwa wa UVIKO-19 ilichapishwa kwenye *Lancet* tarehe 22 Mei 2020, ikaondolewa na waandishi wake tarehe 4 Juni mwaka huohuo. Aliyeipakua Mei ana faili lisilosema lolote kuhusu hilo. PubMed huweka tangazo juu kabisa ya makala iliyoondolewa, na huunganisha masahihisho pia, yakiwemo ya dozi zilizochapwa vibaya. Weka PMID, soma sehemu ya juu ya ukurasa. Ni nusu dakika.

Nakala niliyopokea ina kasoro. Niombe upya?

Usifungue ombi jipya, utarudishwa mwisho wa foleni na huenda ukatumiwa faili lilelile. Jibu ujumbe uleule, taja namba ya ombi, na useme kasoro kwa ukurasa: "ukurasa 354 haupo", "jedwali la 3 limekatwa kulia", "picha ya 2 ni nyeusi". Maktaba iliyotuma huwa bado ina jarida mezani kwa siku chache. Baada ya hapo linarudi rafuni, na kulitoa tena ni kazi mpya, kwa hiyo fungua faili siku linapofika hata kama utalisoma wiki ijayo.